Kipengele cha Kumi na Nne

Idalina Bettencourt hakuwa mtu wa kutulia. Kazi yake ilikuwa ya kukaa, saa nane kwa siku mbele ya ukuta wa skrini, lakini waliofanya kazi naye katika Chaneli 52 watakwambia kwamba kiti chake hakikuchakaa, maana hakikupata wa kukichakaza. Alisimama, akagusa kitufe, akarudi, akachungulia saa, akapangusa vumbi ambalo hata halikuwapo. Ukimwuliza anatafuta nini, alikuuliza wewe unatafuta nini.

Chaneli 52 ilikuwa mali ya shule za Santa Rufina, si ya tajiri wala ya serikali kuu. Ilikaa nyuma ya karakana ya mabasi ya wanafunzi, harufu ya dizeli ikiingia mpaka studio. Asubuhi ilirusha masomo ya madarasani. Mchana masomo ya watu wazima. Saa kumi jioni ilionyesha chakula cha kesho shuleni, ili mama ajue kama mwanawe atakula au atarudi na njaa. Na kila Jumatatu ya pili ya mwezi ilirusha mkutano wa Halmashauri ya Shule, moja kwa moja, bila kukatwa hata kikohozi. Wajuaji wa mjini waliiita chaneli ya wagonjwa na paka. Waache waseme. Hao hao mvua kubwa ikinyesha, mto ukifurika, waliikimbilia kujua shule gani imefungwa.

Aprili ya mwaka wa tisini na saba ikaja barua. Mkurugenzi mpya wa shule, bwana mmoja aliyependa karatasi kuliko watu, aliagiza kila mfanyakazi, kuanzia mwosha mabasi hadi mwalimu mkuu, alete nakala ya cheti cha kumaliza sekondari kabla ya Mei kwisha. Asiye na cheti ajieleze. Idalina aliisoma kwa kusimama. Akaikunja, akaitia mkobani, akaitoa, akaisoma tena, utadhani maneno yangebadilika kwa huruma.

Cheti hakuwa nacho. Hakuwahi kuwa nacho.

Mwaka wa sitini na sita, mwezi wa Septemba, alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la mwisho katika sekondari ya mji huo huo. Alikuwa na miaka kumi na saba na mimba ya miezi mitano, na gauni lilikuwa limeshaanza kusema. Makamu wa mwalimu mkuu alimwita ofisini, hakumwambia akae, akamtaka arudishe vitabu. Vilikuwa sita, akarudisha sita. Na yule mvulana, Manny Bettencourt? Ah. Yeye aliendelea na masomo, akavaa joho la buluu, akapiga picha na wenzake chini ya bendera. Mimba ilikuwa ya wawili, mlango ukafunguliwa kwa mmoja. Manny alimwoa, hilo tuseme, na alikuwa mume mwema mpaka siku trekta ilipompindukia kwenye shamba la ng'ombe la mjomba wake. Lakini ile picha ya joho ilikaa sebuleni miaka yote, na Idalina ndiye aliyekuwa akiifuta vumbi.

Mwaka wa sabini na saba, amechoka kuosha matangi ya maziwa, akaomba kazi Chaneli 52. Fomu ikamwuliza: umemaliza sekondari? Akaweka tiki, akaandika mwaka wa sitini na saba. Kalamu haikutetemeka. Yeye ndiye aliyetetemeka baadaye, miaka ishirini mfululizo, kila alipoitwa ofisini hata kama ni kwa keki ya siku ya kuzaliwa ya mtu.

Na uongo haukai peke yake, huzaa. Binti yake Denise, alipofika miaka kumi na sita, alitaka kuacha shule akauze viatu. Idalina akamwambia, "Mimi nilivaa joho na wewe ukiwa mchanga, bibi yako amekushika kule nyuma ya ukumbi unalia. Wewe unaacha kwa sababu gani?" Denise akanywea. Akamaliza, akasomea uuguzi, sasa alikuwa na miaka thelathini na kazi yake katika zahanati upande wa pili wa mji. Hadithi ile ya bibi nyuma ya ukumbi Denise aliwahadithia hata wauguzi wenzake. Utaitengua vipi?

Basi Idalina alifanya jambo ambalo angeweza kulifanya miaka kumi na minne kabla, nalo lilikuwa mbele ya macho yake kila siku ya Mungu. Alijiandikisha kwa siri katika shule ya watu wazima, afanye mtihani wa cheti tarehe kumi ya Mei.

Hapa ndipo pa kucheka, au pa kulia, chagua. Masomo ya mtihani ule yalikuwa kanda sitini, na aliyezirusha hewani, mara mbili kwa siku, miaka kumi na minne, ni nani? Yeye. Alizijua kanda zile kuliko jikoni kwake. Alijua somo la thelathini na moja linaisha dakika ya ishirini na nane na sekunde arobaini na sita, na kwamba dakika ya tisa kuna mkwaruzo upande wa kushoto. Lakini ukimwuliza somo linahusu nini, hakujua. Mtu wa urushaji hasikilizi maneno, anasikiliza kama yapo. Macho yako kwenye sindano ya sauti na kwenye rangi; mwalimu akisema dunia ni duara au ni meza, ni mamoja, mradi sindano haiingii kwenye nyekundu. Yule mwalimu wa hesabu, aliyevaa sweta ile ile ya kahawia katika kanda zote, walimwita Bwana Sweta, na Idalina alikuwa amemtazama usoni mara nyingi kuliko alivyomtazama marehemu mumewe.

Sasa akaongeza sauti, akafungua daftari. Kumbe Bwana Sweta alikuwa mcheshi. Kumbe alikuwa na subira, akirudia jambo mara tatu bila kumdharau mtu. Idalina alikasirika kidogo, kama mtu aliyekaa jirani na ndugu yake miaka yote bila kujua ni ndugu.

Nyumbani hakuweza kusoma, maana Denise alikuwa na desturi ya kupita bila hodi, akifunua masufuria. Kwa hiyo alisomea kazini, kwenye kiti, jicho moja kwenye daftari na jingine kwenye skrini. Lakini akili haigawanyiki kama macho. Jumanne moja, Bwana Sweta akauliza: theluthi moja, jumlisha robo, jumlisha sudusi, ni ngapi? Idalina akainama. Akafuta, akaandika, akafuta. Hakuwahi kukaa kimya kwenye kile kiti namna ile. Bwana Sweta akaaga, kanda ikaisha, na Chaneli 52 ikawa nyeusi tii kutoka Santa Rufina mpaka milimani.

Simu ililia kwanza. Ilikuwa bibi mmoja wa Mtaa wa Olive.

"Samahani, mwanangu," bibi akasema. "Nimekufa mimi au mmekufa nyinyi?"

Idalina akarukia kitufe. Zilikuwa zimepita dakika mbili na sekunde kumi. Miaka ishirini hakuwahi kuiacha chaneli giza hata kwa kupiga chafya. Meneja, Bwana Royce Tidwell, akaingia akikimbia na nusu ya mkate mkononi. Alikuwa mtu mnene, mpole, zamani mwalimu wa udereva, na udereva ulimwachia tabia ya kukanyaga sakafu kwa mguu wa kulia kila akiogopa.

"Nini kimetokea, Ida?"

"Kanda iliisha."

"Kanda huisha kila siku. Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa."

Tidwell akamtazama, akalitazama daftari lililofungwa haraka, akaamua kutouliza. Akamsogezea kitabu cha kumbukumbu za urushaji. Sheria ya nchi inataka hivyo: picha ikikatika, aliyekuwa zamu aandike sababu na atie sahihi, na kurasa zina namba, hazichanwi.

"Andika mashine namba tatu," akasema akitafuna. "Ile haitabisha. Haina chama cha wafanyakazi."

Kila mtu aliandika mashine namba tatu. Ungesoma kitabu kile ungedhani mashine namba tatu ni jambazi. Idalina akashika kalamu, na mkono ukagoma. Alikuwa na uongo mmoja kwenye faili la ofisi ya utumishi ghorofani, na ule mmoja ulikuwa umemla usingizi, umemla mapaja, umemla furaha ya keki za watu. Wa pili angeuweka wapi? Akaandika, akatia sahihi, akamsukumia Tidwell.

Tidwell akasoma kwa sauti. "Mwendeshaji alikuwa akitafuta KDS." Akainua macho. "KDS ndiyo nini?"

"Kigawe kidogo cha shirika."

"Uliipata?"

"Kumi na mbili."

Akasoma tena. Hakuwa mjinga, alikuwa mvivu tu wa kuonyesha. Akavuta kiti, akakaa, akauweka mkate juu ya goti.

"Ida. Mtu mwenye cheti cha sekondari anatafuta KDS ya nini, tena kazini, tena mwezi huu?"

Akamwambia. Alimwambia yote kwa kusimama, akizunguka chumba, akigusa vitufe ambavyo havikuhitaji kuguswa: Septemba, vitabu sita, tiki. Tidwell akakanyaga sakafu mara mbili.

"Sikiliza, dada," akasema mwishoni. "Vyeti vya hapa ninavikusanya mimi. Napeleka juu orodha tu, majina na tiki. Nitakutia tiki. Nani atauliza? Imekwisha hiyo."

Idalina akachukua mkoba. Akarudi nyumbani na lile neno, imekwisha hiyo, na wiki nzima halikumpa nafasi. Alifua mapazia yaliyokuwa safi. Alikaanga soseji za linguisa na mayai asiyoyala, akampa mbwa wa jirani. Alfajiri alitembea kando ya mfereji wa maji ya mashamba, huku na huko, mpaka wakamua ng'ombe wakaanza kumsalimia kwa jina. Alitaka ile tiki, tusidanganyane. Aliitaka kama mtu anavyotaka maji. Lakini Tidwell alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na tiki ile ingekuwa na sahihi yake, si ya Idalina. Ikigundulika, wangeondoka wote wawili, na mmoja wao hakuwa na kosa ila wema.

Jumatatu akamwambia, "Tiki yangu ya sabini na saba inanitosha. Sikutwishi na wewe yako."

"Mkaidi wewe."

"Ndivyo nilivyo."

Mei kumi akafanya mtihani, katika ukumbi uliojaa wakata zabibu na mama wenye watoto. Mei ishirini na tatu barua ikaja: amefaulu. Hesabu amefaulu kwa shida, lakini kufaulu kwa shida ni kufaulu, hakuna cheti chenye kuandikwa jasho. Aliisoma bafuni, mlango umefungwa, na nyumbani hakuwamo mtu. Kisha akaipeleka mwenyewe ghorofani kwa Bi Carol Yamane, mkuu wa utumishi, mwanamke wa maneno machache ambaye hata kalamu zake alizipanga kwa urefu.

Bi Yamane aliisoma barua, akafungua faili, akaisoma fomu ya zamani.

"Bi Bettencourt, hii ni ya mwezi huu."

"Ndiyo."

"Na fomu yako inasema sitini na saba."

"Fomu ilidanganya. Yaani mimi."

Bi Yamane akainuka, akafunga mlango. "Bwana Tidwell huniletea orodha tu, angekuwekea tiki mimi nisingejua."

"Najua."

"Basi umenitia mtihanini na mimi." Akakaa. Kwa mara ya kwanza Idalina alimwona akisogeza kalamu bila kuipanga tena. "Maelezo ya uongo kwenye fomu ya kazi adhabu yake ni moja, kuachishwa. Sina mamlaka ya kufumba jicho. Nina mamlaka ya kupeleka kwenye Halmashauri tu. Watapiga kura Juni tisa. Jina halitatajwa, ni namba yako tu, 2207. Itakwenda kwenye Fungu la Pamoja."

Idalina alilijua Fungu la Pamoja kuliko wajumbe wenyewe. Mambo yote ambayo hakuna mwenye hamu ya kuyajadili, maziwa ya shule, matairi ya mabasi, walimu wa muda, hufungwa mzigo mmoja. Mwenyekiti anauliza nani anaafiki, wajumbe saba wanasema ndiyo, na vipengele ishirini vinapita kabla hujakunja mguu. Miaka ishirini alitumia dakika hiyo kwenda kuchota kahawa.

"Kanuni inasema pia," Bi Yamane akaongeza, akitazama dirisha, "kwamba mwananchi yeyote akijaza kadi kabla ya kura, kipengele kinatolewa kwenye fungu, naye anapewa dakika tatu mbele ya kipaza sauti. Nakusomea kanuni tu."

"Mbele ya kamera," Idalina akasema.

"Mbele ya kamera zenu, ndiyo."

Hapo ndipo kwenye mwiba. Akikaa kimya, anapoteza kazi, lakini kwa namba; mji hautajua, wanawake wenzake wa kanisani, wa karamu ya Roho Mtakatifu, hawatajua, na Denise atabaki na bibi yake nyuma ya ukumbi. Akisema, huenda akaokoa kazi, au asiokoe, na Denise atasikia. Maana Denise Jumatatu za mkutano huwasha 52. Hajali matairi, anapenda tu kujua kwamba picha ile inatoka mkononi kwa mama yake.

Juni tisa, saa nane mchana, Idalina akaketi kuandika maandishi ya kupita chini ya skrini. Ndiyo kazi yake, kila kipengele na namba yake. Kipengele cha tisa, maziwa. Cha kumi na moja, matairi. Cha kumi na nne, kuachishwa kazi mfanyakazi namba 2207. Aliandika bila kukosea herufi. Cha kumi na tano, rangi ya bwawa la kuogelea. Cha kumi na saba, Halmashauri inathibitisha na kuwapongeza wahitimu wa shule ya watu wazima, majina yafuatayo. La kwanza, Alvarado. La pili, Bettencourt, Idalina.

Mikono ikasimama. Akarudi juu kwa kumi na nne, akashuka kwa kumi na saba. Ofisi mbili zilikuwa zimeleta karatasi mbili, na hakuna aliyejua kwamba ni mtu mmoja. Jioni ile ile, kwa ndiyo moja, watu saba watampa cheti na kumfukuza. Akacheka, kicheko kibaya, mpaka Tidwell akaja mlangoni.

Akamwonyesha kwa kidole. Tidwell akasoma, midomo ikicheza.

"Jaza kadi," akasema.

"Nani ataendesha?"

"Mimi."

"Wewe? Mara ya mwisho kugusa meza hii, ulirusha chakula cha mchana juu ya mazishi ya jaji."

"Ilikuwa sekunde kumi tu. Na marehemu alipenda piza. Jaza kadi, Ida."

Hakujaza. Saa kumi na moja hakujaza. Saa kumi na mbili kasoro robo wajumbe waliingia, akapima sauti zao mmoja mmoja, kadi tupu ikiwa chini ya kikombe. Alisimama, akakaa. Alikwenda mlangoni, akarudi. Saa kumi na mbili kamili akarusha mkutano hewani, picha safi, jua bado linawaka kwenye madirisha ya ukumbi. Kiapo kwa bendera. Ripoti ya bendi ya shule. Kila jambo liliisha upesi kuliko desturi yake, na kila lilipoisha alihisi hasira inapanda, si kwa Halmashauri, kwa nafsi yake. Mwaka wa sitini na sita alirudisha vitabu kimya. Aliambiwa toka, akatoka, hata asante akasema. Asante, jamani! Na leo atawarushia kufukuzwa kwake kwa picha nzuri na sauti isiyo na mkwaruzo?

"Tunaingia kwenye Fungu la Pamoja," akasema mwenyekiti, Bwana Lyle Ostrander, mwenye duka la mbegu.

Idalina akaandika kadi kwa herufi mbaya. "Royce, kaa," akasema, akatoka. Ukumbi wa mkutano ulikuwa ng'ambo ya ujia, hatua kumi na tano. Akampa karani kadi wakati Ostrander ameshafungua mdomo kuuliza nani anaafiki.

Ostrander akaisoma, akakunja uso. "Kuna ombi la kutoa kipengele cha kumi na nne. Karibu kwenye kipaza sauti. Jina na mtaa."

"Idalina Bettencourt, Mtaa wa Canal." Sauti yake ilitoka nyembamba. Aliziona kamera zake kwa mbele, mahali ambapo hakuwahi kusimama, taa nyekundu inawaka. "Nina dakika tatu ila sitazimaliza. Huyo 2207 kwenye kumi na nne ni mimi. Na kwenye kumi na saba, jina la pili, ni mimi pia. Mlikuwa mnanifukuza na kunipongeza kwa ndiyo moja."

Karatasi zikafunuliwa, saba kwa pamoja.

"Shule zenu zilinitoa Septemba sitini na sita, kwa kuwa nilikuwa na mimba. Mwaka wa sabini na saba nikaandika kwenye fomu kwamba nilimaliza. Huo uongo ni wangu, simsingizii mtu. Mwaka huu nimesoma kwa kanda zile ninazozirusha mimi mwenyewe, nimefaulu. Siombi mnihurumie. Naomba mpige kura mara mbili, mbalimbali, ili nijue mnamaanisha ipi."

Akamaliza hapo. Saa ya dakika tatu ilikuwa imebakiza mbili na zaidi, ikaendelea kuhesabu peke yake.

Ostrander alinong'ona na karani. Kisha akaita fungu bila kumi na nne, pamoja na wahitimu wote. Ndiyo saba, moja baada ya nyingine, na mtu mmoja nyuma akapiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Kipengele cha kumi na nne," Ostrander akasema. "Kikiwa peke yake kinahitaji mtoa hoja na wa kuunga mkono. Nani anatoa hoja?"

Hapo ndipo lilipoonekana jambo ambalo mzigo huficha. Ndani ya fungu, kipengele hupanda gari la wenzake, hakihitaji mdomo wa mtu. Kikishushwa barabarani, lazima mtu akibebe kwa jina lake, mbele ya aliyesimama pale akimtazama. Mjumbe mmoja akachunguza kalamu. Mwingine akanywa maji kwenye bilauri iliyokwisha maji. Hatimaye Bwana Dwight Pruett, wakala wa bima, akajikohoza.

"Kanuni ni kanuni," akasema, na hakuonekana kufurahi. "Natoa hoja."

"Nani anaunga mkono?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Narudia. Kuna wa kuunga mkono?" Akageuka kushoto, akageuka kulia. Bi Yamane, kwenye kiti cha maofisa, alikuwa amefumba macho. "Mara ya tatu na ya mwisho."

Pruett mwenyewe alionekana kutua mzigo.

"Hoja imekosa wa kuiunga. Kipengele kimekufa, mfanyakazi anabaki kazini," Ostrander akasema, akagonga meza. "Kipengele cha ishirini na moja, vyoo vya shule ya msingi."

Idalina hakujua kama aagane nao au la. Akatoka. Ndani ya chumba cha urushaji Tidwell alikuwa ameloa jasho shati zima, mguu wa kulia umegandamiza sakafu, mikono juu ya vitufe, lakini picha ilikuwa nzuri. Sauti ilikuwa juu kidogo. Idalina akaishusha kwa kidole kimoja, akakaa.

"Umenona kwenye runinga," Tidwell akasema.

"Nyamaza, mzee."

Simu ikalia. Akaacha ilie mara nne. Alijua ni nani, na katika yote ya siku ile, kitufe na kadi na kipaza sauti, hilo lilikuwa zito kuliko yote. Akainua.

"Mama," Denise akasema.

"Nipo."

"Septemba sitini na sita."

"Ndiyo."

"Mimi nimezaliwa Januari."

"Ndiyo, mwanangu."

Akamsikia akipumua. Nyuma yake, kwenye runinga ya nyumbani kwake, vyoo vya shule ya msingi vilikuwa vinajadiliwa, sauti ikichelewa nusu sekunde na ile ya chumbani. "Hakukuwa na bibi nyuma ya ukumbi."

"Hakukuwa. Wala mimi sikuwamo."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekutoa shule." Denise alikuwa analia sasa, waziwazi, mwanamke wa miaka thelathini. "Miaka yote unanisukuma nimalize, kumbe mimi ndiye niliyekutoa."

Idalina, kwa mara ya kwanza tangu Aprili, hakuinuka kitini.

"Hapana," akasema. "Walionitoa ni wao. Wewe nilikuwa nakubeba tu."